Pamba Iliyolowa Katikati ya Gunia

Sifa kwa Mungu aliyeniamsha leo nikiwa bado na sauti! Wazee wa kanisa, mama zangu, vijana, na watoto mlioketi kwenye mkeka hapa mbele, nawasalimu wote.

Kabla ya jambo lolote nataja watu waliokuwepo siku ile, mbele ya ghala la pamba, saa sita mchana. Alikuwepo mkuu wa kambi, tuliyeamriwa kumwita Mzazi. Alikuwepo Mama Tabitha, mpishi wetu. Alikuwepo Mzee Jisena, aliyepeleka magunia kwa mkokoteni wa ng'ombe. Walikuwepo mapacha, Kulwa na Doto, wasichana waliochambua pamba pamoja nami. Alikuwepo mdogo wangu wa mwisho, Limi, mgongoni kwangu, akiwa na homa. Alikuwepo mdogo wangu wa kiume, Masanja, miaka kumi na minne. Na mimi, Kabula, binti wa Shija na Nyanzobe, miaka kumi na saba.

Watu wanane. Yashikeni majina hayo, ndugu zangu, nitayarudia kabla sijaketi.

Niliishia darasa la sita, kwa hiyo nimeandika maneno yangu kwenye daftari nisije nikaruka mahali. Mkiniona nimeinama, ninasoma. Nikinyamaza, mnivumilie.

Wengi wenu mnanijua. Mmeniona kwenye zile filamu za vipindi vinne kuhusu watoto waliokulia kambini, tulizoangalia hapa hapa kwenye ukuta wa ukumbi wetu, shuka jeupe limepigiliwa misumari. Mlinipigia makofi. Mama mmoja alinifunga kitenge kipya kiunoni, akasema, "Huyu ndiye dada!" Nilishukuru. Nilifika nyumbani, ugali ukanishinda. Leo nimekuja kuwaambia kwa nini.

Ndugu zangu, tulikuwa watoto watatu. Baba yetu Shija alifariki kwanza. Mama alimfuata baada ya miaka miwili. Siku za mwisho mama alikuwa hawezi kukaa, lakini aliweza kunishika mkono. Alisema, "Kabula, wasitawanyike." Hakusema kingine. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, Masanja kumi, Limi miwili.

Msiba ulipoisha, wazee wa ukoo walikaa kutugawa. Siwalaumu. Kila mmoja alikuwa na watoto wake na njaa yake. Walisema Masanja aende kwa baba mdogo akachunge ng'ombe, Limi aende kwa shangazi, na mimi nitunzwe mahali mpaka aje mtu mwenye ng'ombe za kunioa. Waliongea vizuri, kwa upole, kama wanavyogawana majembe ya marehemu. Mimi nilikuwa nasonga ugali wao nje, nikasikia yote.

Siku iliyofuata wakaja wanawake wawili waliovaa magauni ya rangi ya udongo. Walinikuta kisimani. Hawakunihubiria. Walisema jambo moja tu: "Kwetu watoto wa mama mmoja hawagawanywi." Hilo ndilo lililonivuta! Sikuvutwa na miujiza wala na maombi. Nilimfunga Limi mgongoni, nikamshika Masanja mkono, tukawafuata mpaka porini, mbali kule nyuma ya mashamba ya Nkoma. Hakuna aliyetuteka, ndugu zangu. Niliwapeleka mimi, kwa miguu yangu, na nilidhani ninatii neno la mama.

Kambi ilikuwa na watu wapatao sitini. Tulilima pamba na mahindi. Hatukwenda shule, hatukwenda zahanati. Mzazi alisema dunia ya nje imekwisha kuoza na sisi tu ndio tutakaobaki. Alisema sisi yatima tuna bahati kuliko wote, kwa sababu hatuna wa kumkana. Kwa hiyo yalikatazwa majina ya baba na mama zetu. Mnajua sisi Wasukuma tunavyosalimiana njiani: mtu mzima akikuona atakuuliza, "Ng'wa nani?" Wewe ni wa nani, nani baba yako? Basi tulifundishwa jibu moja: "Mimi ni wa Mzazi." Ukitaja jina jingine, huli siku hiyo.

Na kulikuwa na siku ya kuchambua. Wakulima mnanielewa, wageni, niwaeleze kidogo. Pamba ikishavunwa tunaichambua. Ile nyeupe, kavu, isiyo na madoa, ni safi. Ile yenye madoa, iliyoguswa na wadudu, tunaiita fifi, na haina bei. Mzazi alichukua kazi hiyo akaifanya kwa watu. Kila Jumamosi tulipangwa mstari, akapita, akagusa kila mtu begani: safi, safi, fifi. Wa fifi walikula mwisho, wakiwa wamesimama, na hakuna aliyeruhusiwa kuwasalimu mpaka Jumamosi nyingine.

Mimi niliguswa safi karibu kila wiki. Nisikilizeni, sisemi kwa kujisifu. Nilikuwa mtoto mkubwa niliyezoea kubeba, na kambi inapenda mtu wa namna hiyo. Mwaka wa pili nikawekwa kusimamia watoto. Nikawa mkali. Nikampelekea Mzazi majina ya wanaocheka wakati wa sala. Jina lililokuwepo mara nyingi ni la mdogo wangu mwenyewe.

Maana Masanja alikuwa na mdomo! Msimu mmoja Mzazi alitutangazia kwamba dunia inaisha kabla ya palizi ijayo. Watu wakalia. Masanja akanyoosha mkono, akauliza kwa adabu kabisa, "Sasa Mzazi, kama dunia inaisha, hizi mbegu za mwakani umeagiza za nini?" Doto alicheka mpaka akajificha nyuma ya pacha wake. Masanja alipewa fifi wiki tatu. Alikula amesimama, huku akiniambia kwa pembeni, "Dada, ukisimama tumbo linanyooka, linabeba ugali mwingi." Mimi sikumjibu, kwa sababu sheria ilisema nisimjibu.

Sasa naja kwenye siku ile.

Ilikuwa wakati wa mavuno, mwaka wetu wa nne. Mvua ilikuwa imeshaaga zamani. Pamba ilikuwa juu ya vichanja inaota jua, na zamu ya kuilinda ilikuwa yangu. Mchana Limi akapandwa na homa. Nilimwingiza ndani nikawa namkanda kwa kitambaa cha maji. Sikuona wingu. Ikaja mvua moja ya ghafla, ya dakika chache, mvua ambayo hata wazee walisema haina mwenyewe. Nilipotoka, pamba ya kichanja kizima ilikuwa imelowa.

Ndugu zangu, nilipaswa kwenda kusema. Nilipaswa kuianika tena siku tatu. Lakini mkokoteni ulikuwa unaondoka kesho yake. Nikafanya kosa ambalo kila mkulima hapa ameshawahi kushawishika nalo, hata kama hatasema. Nilitia pamba kavu chini ya gunia, nikatia iliyolowa katikati, nikafunika juu kwa kavu, nikashona. Nilifanya hivyo magunia mawili. Masanja alinikuta nikishona la pili. Aliweka mkono juu ya gunia, akasikia ubaridi wake, akaniangalia. Akasema, "Dada, acha nikusaidie kufunga mengine." Hakusema zaidi.

Mzee Jisena alipeleka magunia kwenye chama cha ushirika. Karani wa pale hakuwa mjinga. Alizamisha mkono katikati ya gunia, akautoa una joto na harufu ya uvundo. Akakataa mzigo wote. Hakukataa magunia mawili tu, alikataa yote. Mbele ya watu akasema, "Hawa watakatifu wa porini wanatuuzia maji!" Watu wakacheka. Mzee Jisena akarudi na mzigo na aibu.

Ndipo tukaitwa mbele ya ghala, wale wanane niliowataja. Wengine walikuwa shambani. Mzazi alimwaga pamba mbovu chini. Akauliza, "Haya magunia yalishonwa na watu wawili tu. Kabula na Masanja. Nani?"

Limi alikuwa mgongoni, anachoma kama kaa la moto. Nilijua adhabu. Aliyeleta aibu kambini alikuwa anafukuzwa bila kitu, na ndugu zake wanabaki. Nikifukuzwa mimi, Limi anabaki na homa na mtoto wa kiume asiyejua kumkanda. Akifukuzwa Masanja, nikajiambia, ni mvulana, atapata ng'ombe wa kuchunga. Nilihesabu haraka, ndugu zangu! Nilimhesabu ndugu yangu kama wale wazee waliokuwa wakigawa majembe.

Masanja akafungua mdomo. Sijui alitaka kusema nini. Mimi nilitangulia.

"Ni Masanja."

Mzazi akamgeukia. "Ni kweli?"

Mdogo wangu aliniangalia mimi, siyo Mzazi. Akasema, "Kama dada amesema."

Akavuliwa viatu, kwa kuwa vilikuwa mali ya kambi. Akaamriwa ageuke aanze kwenda. Na sisi tukaamriwa kila mmoja achukue konzi ya ile pamba iliyolowa amrushie mgongoni. Mama Tabitha akarusha. Mzee Jisena akarusha. Kulwa akarusha, Doto akarusha huku analia. Mimi nikarusha. Pamba haiumizi, ndugu zangu. Lakini iliyolowa inanata. Alikwenda na njia ya shamba, pamba imemshika shatini, mpaka nikaona kitu cheupe tu kinatembea, halafu nisione tena.

Hivyo ndivyo nilivyolitunza neno la mama.

Nimekunywa maji. Naendelea.

Baada ya siku hiyo nilikuwa safi kila Jumamosi, bila kukosa. Miaka miwili. Sikuwa nasali tena, nilikuwa natikisa midomo. Kisha homa ya Limi ikarudi, safari hii kwa nguvu. Macho yakawa meupe, viganja vikawa vyeupe. Nilimwomba Mzazi ruhusa ya kwenda zahanati. Akasema, "Anachambuliwa." Nikarudi tena kesho yake, nikapiga magoti. Akasema, "Na wewe unataka kuchambuliwa?"

Ndugu zangu, sikilizeni namna Mungu alivyo! Hakutuma malaika, alipoteza ng'ombe!

Siku ya tatu nilikuwa mwisho wa shamba letu, Limi mgongoni, jembe mkononi. Akaja bibi mmoja anatafuta ng'ombe wake aliyepotea, fimbo mkononi, anamtukana ng'ombe kwa jina. Akaniona, akasimama. Mtu wa nje tulikatazwa kumsemesha. Yeye hakujua habari hizo, na nadhani hata angejua asingejali.

"Mwadila, mayu," akanisalimu.

Nikainamia jembe.

"We binti, nimekusalimu. Au huko kwenu salamu zinauzwa?"

"Mwadila," nikajibu kwa sauti ndogo.

"Haya. Ng'wa nani?"

Jibu nililijua. Nilikuwa nimelisema miaka sita, nimewafundisha watoto wengine kulisema, nimewanyima chakula waliolikosea. Nilifungua mdomo niseme "wa Mzazi." Limi akanilalia shingoni, na pumzi yake ilikuwa ya moto, na ikatoka sauti ambayo sikuipanga.

"Ng'wa Shija."

Bibi akakunja uso. "Shija yupi? Yule wa Nkoma? Aliyekuwa akicheka mpaka ng'ombe wanageuka?"

Ndugu zangu! Nilikuwa nimesahau kicheko cha baba! Nilikisikia pale pale katikati ya pamba. Nikakaa chini.

"Huyo huyo," nikasema. "Huyo ndiye baba yangu."

"Sasa mtoto wa Shija anafanya nini huku na mgonjwa mgongoni? Mlete huyo. Mlete, nimesema! Ng'ombe atajirudisha mwenyewe, ana akili kuliko nyinyi."

Akamchukua Limi, akamfunga kwa kitenge chake, akatangulia. Mimi niliangalia kambi nyuma yangu. Niliona moshi wa jiko la Mama Tabitha. Nikaliweka jembe chini, taratibu, likiwa limelala vizuri, maana lilikuwa la kambi. Nikamfuata. Huyo ndiye Mayu Holo, Mama Holo kwa wageni, ambaye wengi wenu mlimzika pamoja nami mwaka juzi. Mungu ampumzishe.

Tulitembea mpaka barabarani, tukapata pikipiki mpaka hospitali ya Lagangabilili. Njiani nilisali. Ilikuwa sala yangu ya kwanza ya kweli tangu niwe na akili. Sikujua nianze na jina gani, kwa sababu "Mzazi" lilikuwa limenichafulia hata neno "Baba." Nikasema, "Mungu wa Shija. Mungu wa Nyanzobe. Kama bado unatujua, huyu usimchukue." Basi. Sikuwa na maneno mengine.

Akasikia! Walimwekea Limi damu. Siku ya pili akaomba uji. Siku ya nne akaanza kuchagua, hataki uji, anataka wali. Muuguzi akaniambia, "Huyu kapona, ameanza usumbufu." Nililia mbele za watu bila aibu. Leo Limi yuko kidato cha tatu. Ni yule pale dirishani, anayejificha uso. Usijifiche, mdogo wangu. Wewe ni ushahidi.

Mayu Holo alitupokea nyumbani kwake hapa Kasoli. Na ng'ombe wake, msije mkaniuliza, alimkuta zizini. Baada ya mwaka serikali iliifunga kambi ile, na Mzazi yuko mikononi mwa sheria. Hayo mliyaona kwenye filamu.

Kuhusu filamu hizo. Vijana wa kamera walipokuja, walikuwa na adabu. Kiongozi wao, dada Salome, alikaa nami chini tukamenya karanga kabla hajaniuliza neno. Walinirekodi siku tatu. Waliniambia nitembee shambani, nikatembea. Wakasema tena. Nikatembea. Wakasema tena, jua halijakaa vizuri. Nikawaambia, "Jamani, hata Mzazi hakunitembeza hivi!" Wakacheka wakaacha. Niliwaeleza msiba, kisima, safi na fifi, Mayu Holo, damu ya Limi. Dada Salome akaniuliza, "Na Masanja aliondokaje?" Nikamjibu, "Alifukuzwa, alisingiziwa." Ndivyo nilivyosema. Alisingiziwa. Sikusema na nani. Kipindi cha nne kikapewa jina kwa ajili yangu, dada aliyewaokoa wadogo zake, nanyi mkapiga makofi.

Wiki mbili baadaye dada Salome alinipigia simu. Alisema kuna mtu amewatafuta mpaka akawapata, anataka namba yangu. Jioni, jua halijazama bado, nilikuwa napepeta mahindi, simu ikalia.

"Dada."

Sauti ilikuwa ya mwanaume mzima. Lakini niliijua.

"Masanja! Uko wapi? Unakula?"

"Niko Katavi, nachunga. Nakula. Nimekuona kwenye simu ya tajiri wangu. Umenenepa."

Nilicheka nikilia. Nilimuuliza mambo kumi kwa pamoja. Akaniambia ana ng'ombe wanne wa kwake sasa. Aliuliza habari za Limi, nikamweleza kidato chake, akapiga mluzi. Nikasikia kengele za ng'ombe upande wake.

"Umesema yote, dada," akasema. "Pamba hujaisema."

Nikaweka ungo chini.

"Nitarudi kwenye filamu," nikamwambia. "Nitawaomba wanirekodi tena, nitaisema."

"Filamu sitaki. Nenda kwa wale waliokuwepo, mmoja mmoja. Uwaambie ukiwaangalia usoni, kama wao walivyoniangalia mgongo."

"Na Mzazi pia?"

"Hasa Mzazi. Ukimaliza, nitakuja tule. Kabla hujamaliza, usiniite."

Hakukata simu kwa hasira. Aliniambia, "Msalimie Limi, mwambie ukisimama tumbo linanyooka." Ndipo akakata.

Ndugu zangu, huo ndio wokovu wangu wa pili, na ni mgumu kuliko wa kwanza. Nilianza na wa nyumbani. Nilimwambia Limi tukichota maji. Aliweka ndoo chini. Akasema, "Dada, nilikuwa mgongoni kwako. Nilisikia ukisema." Miaka yote hiyo alijua! Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Ulikuwa unanipa nyama yako kila mara. Nilijua ni kwa sababu hiyo." Akabeba ndoo yake akatangulia, na usiku ule hatukuongea. Asubuhi alinipikia chai. Imekwisha hapo kwa yeye na mimi, au inaendelea kwisha.

Nikaenda Nkoma kwa Mzee Jisena. Ni mzee sana sasa. Nilimwambia. Alisugua goti lake. Akasema, "Binti, mimi nilijua siku hiyo hiyo. Masanja alikuwa anashonea mkono wa kushoto, nyuzi zake zinalala upande mwingine. Yale mawili yalikuwa nyuzi zako." Nilimuuliza, "Mbona ulimrushia?" Akaniuliza, "Na wewe mbona ulirusha?" Tukalia wote wawili, mzee na mtoto wa watu. Aliponisindikiza akaniuliza, "Sasa mimi nimwendee nani?" Nilimpa namba ya Masanja.

Mama Tabitha anauza maandazi Bariadi mjini. Yeye hakulia, alinifokea mbele ya wateja wake! "Mtoto niliyempikia uji asubuhi, ukanifanya nimrushie uchafu mchana! Ondoka mbele yangu!" Nikaondoka. Nilikuwa nimefika mbali nikasikia ananiita. Alinitupia mfuko wa maandazi. "Siyo yako hayo! Ya Masanja akija. Na yakichacha kabla hajafika, utarudi uchukue mengine, mpaka aje." Nimesharudi mara mbili.

Kulwa ameolewa Lagangabilili. Alinisikiliza huku ananyonyesha. Akaniambia, "Doto aliota shati lile mpaka siku tulipoachana." Nikamuuliza Doto yuko wapi. Akatikisa kichwa. Kambi ilipofungwa, wapo waliohama na mabaki ya lile kundi kutafuta pori jingine, na Doto alikuwa miongoni mwao. Pacha wake hajui kama yu hai.

Nilipofika hapo nilitaka kuacha, nawaambia ukweli. Nilisema, wanne siyo haba. Lakini Mungu aliyenitoa kwa jina la baba yangu hakunitoa ili nikae kwenye kitenge kipya mnachonifunga. Nimeandika barua gerezani kuomba kumwona Mzazi. Naogopa. Sijui sauti yake itanifanya nini. Niombeeni, siyo kwa maneno mengi, semeni tu, "Mungu wa Shija, msimamie Kabula."

Na wewe uliyeketi hapa leo, umemficha mtu katikati ya gunia lako ukafunika juu kwa pamba nzuri, mimi ni nani nikuhukumu? Nakuambia tu, karani ana mkono. Lakini Mungu siye Mzazi! Yeye hapiti mstarini akikugusa begani, safi, fifi. Anakuuliza swali moja la njiani, wewe ni wa nani, na ukilijibu kwa kweli, anakuchukulia mgonjwa wako mgongoni anatangulia mbele. Mwamini. Mimi nimemwona akitembea, amevaa kitenge, anatukana ng'ombe.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru ninyi mliotupokea tukiwa hatuna hata kijiko. Makofi msinipigie leo.

Sasa narudi kwenye majina, kama nilivyoahidi. Limi, nimemwambia. Mzee Jisena, nimemwambia. Mama Tabitha, nimemwambia. Kulwa, nimemwambia. Wamebaki wawili. Namwona dada Salome kule nyuma na kamera yake, nami nimemruhusu, kwa ajili ya mmoja kati ya hao.

Doto, popote ulipo, kwenye pori lolote: haikuwa Masanja, ilikuwa mimi. Pacha wako ana mtoto wa kike, amempa jina lako.

Najua hili halihesabiki. Masanja alisema uso kwa uso.